Ardhi Ilipata Chuo, Anga Halikupata

Kijana wa Geita aliyemaliza shahada ya kwanza ya fizikia akisema anataka kuendelea na masomo ya miamba, hapati tabu ya kueleweka. Kazi ya mjiolojia inajulikana mpaka vijijini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina skuli ya migodi na sayansi za ardhi, Dodoma kuna chuo cha madini na taasisi ya utafiti wa jiolojia, na mgodi wenyewe uko mlangoni. Kijana huyohuyo akisema anataka shahada ya uzamili ya astronomia na astrofizikia, ataulizwa mambo mawili: utakula nini, na utasomea wapi. Kwa miaka mingi swali la pili limejibiwa kwa kutaja miji ya mbali, kama Nairobi, Mbarara na Cape Town. Tofauti hii tumeizoea kiasi cha kuiona ya kawaida, kana kwamba ukanda wa Shinyanga na Geita uliumbwa kutazama chini tu. Mimi nasema ni zao la historia. Kwa zaidi ya miaka 100, aliyelipia elimu ya juu katika eneo hili alitaka kitu kinachochimbika, kinachopimika kwa karati au wakia, na kinachosafirishika. Anga halina sifa hizo, kwa hiyo halikupata chuo, maabara wala bajeti. Wepesi au uzito wa akili za wenyeji haukuhusika popote.

Tuanze kabla ya migodi. Usukumani kilimo kinategemea msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kukatika kuelekea Mei. Katika latitudo ya Shinyanga, nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, kundi la nyota tunaloliita Kilimia huchomoza mashariki wakati jua linapozama katikati ya Novemba, hupanda juu upande wa kaskazini usiku wa Desemba, kisha husogea magharibi hadi linapotelea katika mwanga wa machweo mwanzoni mwa Mei. Mwezi unaofuata hujitokeza tena alfajiri, wakati wa kiangazi. Mkulima aliyeangalia kundi hilo mwaka baada ya mwaka alikuwa na kalenda isiyopotoka kwa zaidi ya siku chache, na isiyohitaji karatasi. Watu wa pwani nao walikuwa na methali inayofunganisha kuzama na kuzuka kwa Kilimia na kubadilishana kwa mvua na jua, na waliokuwa na elimu ya falaki walipiga hesabu za mwandamo wa mwezi na mwelekeo wa kibla.

Hapa kuna pingamizi ninalolikubali nusu. Watasema kujua lini Kilimia kinachomoza hakumfanyi mtu kuwa mwanaastronomia. Kweli. Nyota zilimwambia mkulima ni mwezi gani wa mwaka, hazikumwambia mvua itakuja kiasi gani, na ndiyo maana mtemi ambaye ukame ulidumu katika zama zake aliweza kupoteza heshima na hata kiti. Nusu ninayoikataa ni ile inayosema kwamba kwa sababu hiyo jamii hii haikuwa na hamu ya anga. Wagiriki na Wababeli nao walianza na kalenda za kilimo na ibada. Kilichoigeuza hesabu ya misimu kuwa taaluma katika nchi nyingine ni kuwepo kwa mtu aliyelipwa ili aendelee kuangalia hata baada ya kujua lini apande. Usukumani mtu huyo hakuwahi kulipwa, na waliokuja baadaye hawakuja kumlipa.

Waliokuja walikuwa na vyombo vya nyota mikononi. John Hanning Speke alipotoka Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na kupita nchi ya Wasukuma hadi kulifikia Ziwa Viktoria mwanzoni mwa Agosti 1858, alikuwa akipima latitudo kwa miili ya anga na kukadiria mwinuko kwa nyuzi za joto ambazo maji yanachemka. Miaka michache baada ya 1900, tume ya Waingereza na Wajerumani iliyopima mpaka magharibi mwa ziwa iliufuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, na mstari wa namna hiyo hauwezi kupatikana ardhini bila kupima nyota. Kwa hiyo astronomia ya kitaalamu ilifika Kanda ya Ziwa mapema kuliko shule nyingi. Ilikuja kama chombo cha mpimaji. Nyota zilitumika kusema ardhi hii inaishia wapi na ni ya nani, na mpaka ulipokwisha kuchorwa, sekstanti ilirudishwa kwenye sanduku lake na kusafiri na mwenyewe.

Kilichobaki ni jiolojia. Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Chini ya Waingereza, idara ya upimaji wa jiolojia ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925 chini ya Edmund Teale, na katika miaka ya 1930 Geita ikawa mgodi hasa, uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki kabla ya kufungwa mwaka 1966. Kuhusu mambo ya juu, kilichoanzishwa ni huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, mwaka 1929, makao yake Nairobi, kwa sababu ndege zilihitaji habari za mawingu na wenye mashamba walihitaji habari za mvua. Tazama mpangilio huo: chini ya ardhi kulikuwa na idara kwa sababu kuna madini, katika kilometa chache za kwanza za hewa kulikuwa na idara kwa sababu kuna ndege na pamba, na kutoka hapo kwenda juu hapakuwa na kitu. Bajeti ya koloni iliishia kwenye mawingu.

Mfano unaoeleza vizuri zaidi nguvu ya shahada ya juu katika eneo hili ni wa John Williamson. Huyu alikuwa Mkanada, aliyezaliwa Quebec mwaka 1907 na kupata udaktari wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill. Alizunguka Usukuma kwa miaka akiamini kwamba almasi zilizookotwa hapa na pale zina chanzo kikubwa karibu, akaishiwa fedha, akapata homa, na mwaka 1940 akalifikia bomba la kimberliti (mwamba ubebao almasi) la Mwadui, lenye eneo la karibu hekta 146 juu ya ardhi. Katika muda mfupi pori likawa mji wenye hospitali, shule, umeme na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 lilitoka hapo na kupewa Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya arusi yake. Lilipokatwa likabaki karati 23 na ushei. Williamson alipofariki mwaka 1958, hisa ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Watu husimulia habari hii kama hadithi ya bahati. Mimi naisoma kama hadithi ya elimu: chuo kimoja cha Montreal kilimfundisha mtu mmoja kufikiri juu ya miamba, na mtu huyo akabadili ramani ya Shinyanga. Ambacho hakikufuata ni chuo cha Mwadui cha kuwafundisha wengine wafikiri hivyo, sembuse wafikiri juu ya jambo ambalo halina soko.

Uhuru ulibadilisha wenye mali. Mgawanyo wa masomo uliachwa ulivyokuwa. Serikali iliutaifisha mgodi wa Mwadui katika miaka ya 1970, De Beers wakarudi na hisa nyingi mwaka 1994, kisha Petra Diamonds wakazichukua mwaka 2009. Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000 kwa mashimo makubwa ya wazi, Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, Buzwagi ikafunguliwa mwaka 2009 na kufungwa 2021. Kandokando yake wachimbaji wadogo waliendelea na maduara yao, karasha, zebaki na mabishano juu ya marudio (mabaki ya uchenjuaji). Katika mabadiliko yote hayo taifa lilihitaji wajiolojia, wahandisi na wakemia wake, likawasomesha, na lilifanya sawa kabisa. Lawama yangu ni ndogo na mahususi. Taifa lilirithi wazo kwamba fizikia ya kule juu ni anasa ya nchi tajiri, na wazo hilo halikuwahi kukaguliwa kama mikataba ya madini ilivyokaguliwa.

Lingekaguliwa, anga lingekuwa na mashahidi wake papa hapa. Mwaka 1930 kimondo kilianguka Malampaka, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, katika wilaya ya Maswa ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuundwa. Tarehe 16 Desemba 1938 kingine kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kimondo cha Mbozi kinajulikana na kila mwanafunzi wa Tanzania kwa sababu ni kikubwa na kinapigwa picha, tani zake zikikadiriwa 16 za chuma. Cha Ivuna hakina sura. Uzito wake wote ulikuwa gramu 700 hivi, cheusi, chepesi kuvunjika kama udongo mkavu. Lakini wanasayansi walikuta muundo wake wa kemikali unakaribiana mno na wa jua lenyewe, ukiondoa gesi, yaani ni masalia ya kile kilichokuwapo kabla ya sayari. Vimondo vya aina hiyo vilivyoshuhudiwa vikianguka vinahesabika kwa vidole, na kundi lao lote duniani linabeba herufi ya kwanza ya Ivuna. Kipande kikubwa kilinunuliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London mwaka 2008. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kiliporudisha punje za asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, walizilinganisha na Ivuna na kuona zinafanana. Mwanafunzi wa uzamili wa astrofizikia wa Tokyo au Chicago hukutana na jina la kijiji cha Tanzania katika jedwali la wingi wa elementi. Wa Shinyanga, kama hakwenda mbali, huenda asikutane nalo kabisa.

Jedwali hilo linatuleta kwenye dhahabu. Kimondo cha aina ya Ivuna kina dhahabu ya takriban sehemu moja ya saba ya gramu kwa tani. Ni kidogo sana kwa mchimbaji, lakini ni mara makumi ya wastani wa tabaka la juu la dunia, ambalo lina sehemu chache tu za elfu za gramu kwa tani. Kwa nini vumbi la angani liwe na dhahabu kuliko ardhi? Jibu linalokubalika ni kwamba dunia changa ilipoyeyuka, chuma kilizama katikati na kuondoka na dhahabu, na sehemu kubwa ya iliyobaki juu inadhaniwa kuletwa na vimondo baada ya hapo. Watafiti wa Bristol waliopima tangsteni katika miamba ya kale ya Greenland walitoa ushahidi wa kuunga mkono wazo hilo mwaka 2011. Na kabla ya vimondo? Kiini cha atomu ya dhahabu hakitengenezwi katika jua la kawaida. Kinahitaji mafuriko ya neutroni. Tarehe 17 Agosti 2017 vifaa vya LIGO vya Marekani na Virgo vya Italia vilipokea mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za neutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na darubini zikaona mwanga wa mabaki ukibadilika kwa namna iliyotabiriwa iwapo elementi nzito zinazaliwa. Mwaka 2019 alama ya stronti ilitambuliwa katika mwanga huo. Dhahabu yenyewe haikusomwa waziwazi, na wapo wanaotafuta vyanzo vingine zaidi, lakini swali liko hai. Ni la somo moja tu la shahada ya uzamili, lile la uzalishaji wa elementi, likikaa pamoja na muundo wa nyota, magalaksi, kosmolojia, spektra, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Swali linalohusu Geita kuliko hili ni gumu kulipata, na Geita halifundishwi.

Pingamizi linalofuata lina nguvu, nami silipunguzi. Mjiolojia wa Geita atasema: dhahabu yetu imekaa katika miamba ya chuma yenye tabaka na miamba ya kijani ya miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu, ililetwa kwenye nyufa na maji ya moto, na habari za nyota za neutroni hazitanionyesha mshipa unaofuata uko wapi. Hazitamwonyesha. Anayehubiri astronomia kwa kuahidi wakia anadanganya. Ila mjiolojia huyo akipeleka sampuli zake maabara, mojawapo ya njia zinazotumika kusoma kiasi cha dhahabu ni kupima mwanga unaomezwa na atomu zake, njia iliyotengenezwa na Alan Walsh huko Australia katika miaka ya 1950. Mistari ya mwanga uliomezwa ilichorwa kwa makini kwanza na Fraunhofer mwaka 1814, alipokuwa akiangalia jua. Kirchhoff na Bunsen walieleza maana yake kwenye miaka ya 1859 na 1860, na palepale wakaanza kutaja elementi zilizomo ndani ya jua. Sayansi ya nyota na upimaji wa dhahabu zimetoka tumbo moja, na aliyezitenga ni mtayarishaji wa bajeti. Ndege zinazopima usumaku wa ardhi kutafuta miamba huleta data yenye kelele ambayo lazima ichujwe kwa hesabu zilezile anazofanya mtu wa darubini ya redio. Hata almasi ina ndugu juu: mwaka 1987 vumbi la almasi ndogo mno lilitambuliwa ndani ya vimondo, na baadhi yake hudhaniwa kulitangulia jua. Mwadui ina umri mdogo mbele ya hiyo.

Lipo pingamizi la tumbo, ambalo ndilo wazazi huliuliza. Nchi yenye shule zisizo na maabara, itasomesha watu wa nyota? Hapa historia ya majirani inafaa kutazamwa. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilifanya kazi kubwa, na Riccardo Giacconi alitunukiwa Nobeli mwaka 2002 kwa kazi ya fani hiyo. Lakini wachambuzi wake wakuu walikuwa Massachusetts. Afrika Mashariki ilitoa ikweta na jina, kama Mwadui ilivyotoa jiwe. Mkondo umeanza kugeuka kwa waliotaka ugeuke. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2003 programu ya kitaifa ya astrofizikia na sayansi ya anga, yenye makao Chuo Kikuu cha Cape Town, ikichukua wanafunzi wa Afrika nzima. Darubini ya MeerKAT yenye masinia 64 ilizinduliwa mwaka 2018. Mbarara nchini Uganda imekuwa na kundi la astrofizikia linalotoa wahitimu. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Kiafrika wa mradi wa darubini kubwa ya redio wa SKA pamoja na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Uganda na Kenya hazikuisubiri njaa iishe kwanza, na sidhani kuna mtu atakayesema zimefukarika kwa sababu ya astronomia.

Ajira za jina la mwanaastronomia ni chache mno, hilo halina ubishi, na mwanafunzi aambiwe mapema. Wengi waliosoma fani hii duniani huishia kwenye uchambuzi wa data, benki, mawasiliano, picha za satelaiti na ualimu wa vyuo. Mikoa hii ina uhaba mkubwa wa walimu wa fizikia na hisabati, na mwalimu aliyefanya utafiti wake mwenyewe hufundisha tofauti na aliyekariri. Wala hatuhitaji darubini kubwa Kahama au Kishapu. Mawingu ya Novemba hadi Aprili na mwinuko wa mita 1,100 au 1,200 havifai kwa kazi hiyo. Atacama, Karoo na Namibia zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Anga la Shinyanga lina faida yake, kwa kuwa karibu na ikweta mtu huona nyota za kaskazini na za kusini, na katikati ya Njia ya Maziwa hupanda juu sana usiku wa Julai. Ila kwa shahada ya uzamili ya leo jambo la msingi ni kompyuta, intaneti na msimamizi anayejua. Data za satelaiti ya Gaia zimetolewa bure kwa dunia tangu 2016.

Msimamizi ndiye kikwazo, na hapo hatuanzi na sifuri. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameeleza anga kwa umma kwa miaka mingi, na kupatwa kwa jua kwa pete huko Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kulionyesha kwamba watu wako tayari kusafiri usiku kucha kwa ajili ya dakika chache za anga. Umma upo. Unaokosekana ni ufadhili wa kudumu, na katika ukanda huu chanzo chake kinajulikana. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanawataka wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ziendelee kujenga. Madiwani wa Geita, Msalala, Kahama na Kishapu, mnapoketi na kampuni safari ijayo, wekeni pia ada ya wahitimu wawili wa fizikia kwenda kusoma uzamili wa astrofizikia Nairobi, Mbarara au Cape Town, kwa mkataba wa kurudi kufundisha katika mikoa hii. Gharama yake haifiki bei ya lori moja la kubebea mawe mgodini.